Nani Aliwaambia Viraka ni vya Wazungu?

Mtu akiniambia Kenya haina winter, najua tu hajawahi kulala Moi's Bridge mwezi wa saba. Huku tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, milima ya Cherangani iko pale mashariki, na mvua ya mchana inakuja kila siku kama mtu aliyeandikwa kazi. Palizi imeisha, mbolea ya pili imewekwa, na mahindi hayavunwi hadi Oktoba. Kwa hivyo kuna wiki kadhaa ambazo kazi ya shamba ni kungoja tu. Kwetu hizo wiki ndizo za sindano.

Kama hunijui: nina miaka 22, niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipoisha, na siku hizi natengeneza video nikiwa kwa mama yangu, ambaye ni fundi wa nguo sokoni. Mwezi uliopita niliweka video fupi nikiunga vipande vya sare za shule kutengeneza foronya. Majibu yakaja ya aina mbili. Kundi la kwanza: hiyo kitu ni ya wazungu, umetoa Pinterest. Kundi la pili: bro, huo ni umaskini, nunua blanketi. Kulikuwa pia na wale wa kuuliza kwa nini mwanamume anashona, na hao nawajibu haraka: tembea mji wowote Kenya uangalie ni nani ameketi nyuma ya cherehani kwenye veranda. Utapata wababa wengi sana hapo, na wamesomesha watoto.

Hao wengine wawili wanahitaji muda kidogo, kwa sababu wote wanakosea kitu kimoja: wanafikiri kuunga vipande ni jambo lililotuingilia kutoka nje, ama kwa simu ama kwa shida. Wacha nianzie Pwani, halafu nitapanda na reli hadi hapa kwetu.

Unajua leso ilitoka wapi? Neno lenyewe ni la Kireno, lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Vitambaa hivyo vya mraba, vyenye michoro, vilikuwa vinauzwa Pwani vikiwa bado havijakatwa, vimefuatana kwenye jora moja. Karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walianza kununua sita kwa mpigo. Wanakata ule urefu mara mbili, vitatu huku na vitatu kule, kisha wanashona pande mbili zile ubavu kwa ubavu. Ukifungua unapata nguo moja pana ya miraba sita, ya kujifunga na kujitanda. Ndiyo hiyo leso ya kwanza. Baadaye wafanyabiashara wakaona wanawake wanahangaika kushona, wakaagiza kitambaa kilichochapwa kikiwa kizima tayari, na duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza Mombasa mwaka wa 1887 likajulikana kote kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla". Lakini kabla ya kiwanda kuchapa, kulikuwa na mwanamke mwenye uzi na sindano ameketi chini anaunga vipande.

Kwa hivyo nguo ambayo tunaiona ndiyo ya kwetu kuliko zote, ile ya kubebea watoto, ya kufunika maiti, ya kupeana harusini, ilizaliwa ikiwa nguo ya kuungaunga. Ukisema viraka ni vya wazungu, mwambie nyanya yako kwanza avue leso.

Na kuna kitu kingine hapo ambacho mimi hunigusa zaidi. Kabla ya leso, nguo iliyokuwa imejaa Pwani yote ni merikani. Jina linasema lilikotoka: pamba nzito isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya Marekani, iliyoletwa na mabaharia wa mji wa Salem, Massachusetts. Marekani na Sayyid Said waliandikiana mkataba mwaka wa 1833, na baada ya hapo merikani ikawa kama pesa hadi bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka wa 1861, pamba ikakatika, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Sasa, merikani isiyo na rangi ndiyo waliyovalishwa watumwa Unguja. Utumwa ulipofutwa kisheria huko mwaka wa 1897, wanawake waliokuwa watumwa walijitanda kanga za rangi, makusudi, ili mtu akiwaona njiani ajue. Hapo nguo haikuwa fasheni tu. Mtu alikuwa anatangaza hali yake mpya bila kufungua mdomo.

Wareno walewale walioleta neno leso walibeba pia watu. India, jimbo la Karnataka, kuna jamii inaitwa Wasiddi, ambao mababu zao walitolewa upande huu wetu wa Afrika, wengi wakipitishia Goa. Wanawake wa Kisiddi hushona kitu kinaitwa kawandi. Ni mfarishi wa viraka. Mfarishi ni neno letu kabisa la zamani, angalia kamusi, maana yake ni tandiko au kifuniko kilichoshonwa kwa tabaka. Nashangaa kwa nini tuliacha kulitumia. Kawandi inatengenezwa kwa nguo kuukuu za nyumbani, na inatumika hasa msimu wa mvua kubwa wakati usiku ni baridi, yaani Julai yao ni kama yetu. Hawapimi na rula wala hawachori. Wanaanzia kona moja, wanazunguka ukingo wote na vipande, halafu wanaendelea kuzunguka wakielekea katikati, na bandi ndogondogo za mkono zinafuatana mpaka wakutane pale kati. Kwenye kona nne wanaongeza vipembe vilivyokunjwa, vinaitwa phula, maua. Wenyewe husema kawandi bila phula iko uchi. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu usiku, kwa sababu Kukhu wangu anasema maneno karibu hayohayo kuhusu kochi lisilo na kitambaa.

Sisemi kwamba Wasiddi walienda na ufundi huo kutoka huku. Hilo siwezi kulithibitisha na sitaki kuwauzia hadithi tamu. Ninachosema ni kwamba watu wa damu yetu, waliotupwa mbali wakiwa hawana kitu, walichukua matambara wakapata blanketi na uzuri kwa wakati mmoja. Kule Alabama pia, kijiji cha Gee's Bend, wajukuu wa watumwa wa shamba la pamba walifanya hivyo kwa vizazi na vizazi, kwa nguo za kazi zilizochanika magotini. Mwaka wa 2002 mifarishi yao ikatundikwa kwenye ukuta wa jumba la sanaa la Houston, na mwaka wa 2006 posta ya Marekani ikaichapa kwenye stempu. Wewe wa "nunua blanketi", huo umaskini sasa unatazamwa kwa tiketi.

Haya, tupande reli. Moi's Bridge zamani iliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mwindaji mmoja mzungu, A. C. Hoey, aliyetengeneza kivuko hapa kwenye mto Nzoia. Mwaka wa 1908 makaburu kutoka Afrika Kusini walifika nyanda za Uasin Gishu na magari ya ng'ombe, mashamba yakakatwa, na wenye ardhi wakageuka wafanyakazi. Reli ikafika Eldoret 1924, na tawi la kutoka Leseru likapita hapa hadi Kitale 1926. Watu hukumbuka kwamba reli ilibeba mahindi kwenda nje. Wanasahau ilichorudi nacho. Ilirudi na majora ya kitambaa. Duka la Mhindi lilikuwa na rafu ya amerikani na kaki, na nje kwenye veranda fundi na cherehani ya kukanyaga. Unanunua yadi zako ndani, unatoka mlangoni, unapimwa hapohapo. Mabaki yalikuwa yanaanguka chini, na mabaki hayo ndiyo shina la hadithi yangu, kwa sababu fundi hakuwa anayauza. Mtu akiyaomba anapewa.

Upande wa Bungoma, kwao Kukhu, ushonaji wa mkono uliingia na misheni. Wamarekani wa Friends walifungua kituo Kaimosi mwaka wa 1902, na jina lao rasmi lilikuwa na neno industrial ndani, maana walikuja na Biblia mkono mmoja na kazi za mikono mkono wa pili. Baadaye, 1952, ikaundwa Maendeleo ya Wanawake chini ya serikali ya kikoloni, na vilabu vyake vikafundisha kushona, kufuma na kulea watoto. Mimi nina maoni mawili kuhusu vilabu hivyo. Kwanza, mwaka huo wa 1952 ndio hali ya hatari ilitangazwa, na serikali ilipenda sana wanawake wakae wakifuma badala ya kupeleka chakula msituni. Tusijidanganye. Pili, wanawake walichukua sindano na wakaacha siasa ya aliyewapa. Vile vitambaa vyeupe vya makochi ambavyo tunavicheka leo vilisomesha watu. Kukhu alijifunzia kwenye kikundi cha akina mama kanisani, na aliponifundisha mimi hakuanza na maombi. Alianza na "kaa wima, utaumia mgongo."

Nikuonyeshe sasa vile mfarishi wa huku unasomeka. Wa Kukhu uko na miaka mingi na ameuongeza mara nyingi, kama nyumba ya matope. Katikati kuna kaki na amerikani iliyogeuka rangi ya chai. Ukitoka nje kidogo unaingia kwenye krimplini, ile nguo ya miaka ya 1970 isiyokunjamana wala kufa, pamoja na tetroni ya sare. Hiyo miaka viwanda vya humu nchini vilikuwa vimechangamka. Rivatex ya Eldoret ilianza katikati ya miaka ya 1970. Halafu ghafla, ukiendelea kutoka nje, kila kipande kinakuwa cha namna yake: jinzi, pazia, shati la maua ya Hawaii, kitu kama pajama ya mtoto yenye dubu. Hapo umevuka mwanzo wa miaka ya 1990, soko likafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota. Rivatex ilikuja kufungwa, na Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka wa 2007. Mimi hiyo historia ya uchumi nilifundishwa chuoni kwa slaidi na sikuielewa. Niliielewa nikiwa nimelala chini yake.

Na hapa inabidi nikiri. Mwezi wa tano nilikuwa nataka kuukata huo mfarishi.

Kulikuwa na wateja. Watu wa Nairobi waliuona kwa nyuma kwenye video moja wakaanza kuniandikia, wanataka mikoba ya "viraka vya zamani". Nilipiga hesabu nikaona mfarishi mmoja unatoa mikoba kumi na minne, na pesa hiyo ingenirudisha chuo muhula mmoja. Nilijiambia Kukhu ana blanketi mbili za duka, hata hatajua. Nikautandaza sakafuni, nikaugeuza upande wa ndani nione mishono iko wapi, nikachukua makasi.

Upande wa ndani nikaona kitu cha ajabu. Karibu vipande vyote vimeshonwa kwa cherehani, mishono midogo, migumu. Lakini kuna kundi la vipande ishirini na kitu, kwenye ukingo wa kulia, vimeshikwa na bandi kubwakubwa za mkono, kama vile fundi anavyoshikiza nguo kabla ya kuishona kabisa. Uzi ulikuwa umerudiwa mara kadhaa pale ulipolegea, na bado ukarudiwa kwa bandi, si kwa mashine. Nikafikiri labda Kukhu alichoka.

"Mwana, weka hiyo makasi chini." Alikuwa amesimama mlangoni.

Hakunigombeza. Aliketi kwenye kigoda akaniambia hivyo vipande ni vya nani. Mama alikuwa na fundi mwenzake, wanakodisha veranda moja pamoja. Januari 2008, ule wakati wa fujo baada ya uchaguzi, zaidi ya watu 1,000 walipouawa nchini na sisi watoto tukilala na viatu, huyo jirani alipanda lori na watoto wake na cherehani yake. Gunia lake la vipande halikupata nafasi. Alimwambia Mama, niwekee, nitakuja kuchukua. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka lori, sikumbuki gunia.

Hakurudi. Gunia likakaa nyuma ya mlango Februari, Machi, hadi Julai baridi ikaja na panya nao wakaja. Kukhu akamwaga kila kitu sakafuni. Akasema nguo ikiachwa kwa gunia inakuwa takataka, lakini si yake, hawezi kuishona kama yake. Kwa hivyo akaishikiza kwa bandi. Mwenyewe akija, anavuta uzi tu, vipande vyake vinatoka vizima.

Amekuwa akirudia hizo bandi kwa miaka 17.

Nilikunja mfarishi. Wale wateja wa mikoba niliwaambia ukweli nusu, kwamba nitawatengenezea mipya kutoka kwa mabaki ya Mama, na kazi hiyo ndiyo ninayofanya jioni hizi mvua ikinyesha. Kama na wewe unataka kuanza, usianze na blanketi nzima, utakata tamaa. Anza na foronya, au kitambaa cha kushikia sufuria. Nenda kwa fundi wa sare karibu na wewe, mwombe mabaki. Yafue kwanza kwa maji moto, yote, maana kitambaa kipya cha pamba kikiruka ndani ya kazi iliyokwisha kitakunja kila kitu. Kata boksi mraba wa sentimita 12 uwe kipimo chako. Unga vipande viwe mstari, mistari iwe uso mmoja, na upige pasi kila mshono kabla ya kwenda kwa unaofuata. Hapo ndipo wengi wanaharakisha na kazi inapinda. Chini weka shuka kuukuu, katikati sweta ya mtumba iliyofunguliwa au kipande cha blanketi. Shikiza kwa bandi ukianzia katikati ukitoka nje. Wasiddi wangekucheka, wao wanaanza ukingoni, lakini wao wana mikono ya miaka.

Ukizoea, tengeneza kile kikapu cha kuivishia chakula, ambacho vikundi vya akina mama vimekifundisha sana hapa Kenya. Unachukua kikapu, unakishonea mto mzito wa kukizunguka ndani na mwingine wa kufunika juu. Unachemsha githeri hadi ikaribie kuiva, unaitia humo na sufuria yake, unafunika, unaenda zako. Inamalizia kuiva bila moto. Kuni zinakaa. Kwa mwezi wa saba, mimi naona hiyo inashinda blanketi.

Sasa kuhusu jirani. Nilimuuliza Mama kama ana namba yake, na kumbe alikuwa ameipata miaka mitatu iliyopita kutoka kwa muuza uzi, akakosa la kumwambia. Unampigia mtu useme nini? Nikapiga picha ya ukingo wa kulia, mwanga wa mlangoni, kipande kwa kipande, nikatuma bila maneno mengi. Siku mbili kimya. Siku ya tatu akatuma sauti, dakika nne. Mwanzo ni kupumua tu na redio kwa mbali. Halafu anaanza kuvitaja: hii ilikuwa ya kwaya, hii ya mtoto wangu wa pili, hii ya kijani ya kona si yangu, hiyo ni ya mama yako, na alininyima hiyo siku nilipoiomba. Mama alicheka mpaka akatoka nje.

Mwishoni anasema tuache vipande vikae hapo vilipo, lakini kuna kimoja cha zambarau kinamsumbua. Kilikuwa mkono wa blausi ya mteja, na mteja alikuwa ameshalipa nusu. Anauliza kama tunaweza kumjua ni nani.

Mama anamjua. Anauza nyanya karibu na daraja. Kesho tunaenda kumpima.